Huu Sijui

Mchana nang'oa meno ya watu, kliniki ya Khodh,
kwa glavu, kwa ganzi, kwa maneno ya kubembeleza.
Usiku ule, uani kwetu Mabela,
joto la Julai limekaa juu ya saruji
kama mgeni asiyejua kuaga,
nikashika spana ya kumi, nikaanza na betri:
kwanza ua neva.

Landikruza ya baba ilifia njia ya Fanja.
Iligonga mara tatu, ikanyamaza,
kama mtu aliyekwisha sema lake.
Fundi wa Sinaia alitaka riali mia nne na hamsini,
na alipozitaja alitazama nyuma yangu
akimtafuta mwanamume wa kupatana naye.
Hakuwapo. Nikaondoka.

Injini nyengine niliipata kwa Shaukati,
chini ya turubai, ina vumbi la nchi nisiyoijua.
Akaizungusha kwa mkono, akaziba tundu la plagi kwa gumba,
akasema kwa Kiarabu cha kuokoteza:
hii bado ina pumzi.

Kila waya niliouchomoa niliufunga karatasi ya gundi
nikauandika jina, kwa Kiswahili cha nyumbani,
maana majina yake ya kitabuni siyajui.
*Huu wa joto.*
*Huu unapita chini ya chujio.*
*Huu mwenzake yule mwekundu.*
Na mmoja mpana, umesukwa kama ukili,
umejificha nyuma kabisa, una kutu:
*Huu sijui.*

Mama alipita na kapu la nguo.
"Oili ikigusa vigae vyangu, Zuwena, utavilamba."
Hakuuliza fagio lake limekwenda wapi mpini.
(Nimeuzungushia utepe hadi ukakaza,
ndio uliolinganisha klachi.)

Ya zamani ilitoka saa nane usiku,
ikaning'inia kwenye winchi ya Thuwaini
kama mbuzi wa Idi, ikidondosha.
Shimo iliyoliacha lilikuwa kubwa kuliko yenyewe.
Nilitia ulimi. Namaanisha, nilitia tochi.

Usiku wa pili, mpya ikashuka,
ikaisogelea gia boksi, ikagoma.
Vidole viwili.
Tukasukuma. Vidole viwili.
Thuwaini akavua kanzu, akabaki na shuka,
akasema tuivute kwa bolti, itaingia tu, itake isitake.
Nikasema la.
Jino likigoma hulivuti, utalivunja, mzizi ubaki.
Unalitikisa. Unangoja mfupa ukuachie.

Mpwa wangu Salwa, miaka tisa, yuko kwenye usukani anakula vibanzi.
Nikamwambia: tia gia ya nne.
Nikaishika puli kwa spana, nikazungusha
kidogo,
kidogo,
kama anayefungua kabati la mtu aliyelala.
Kop.
Sauti ndogo. Nilitazamia kubwa zaidi.

Siku ya tatu, baada ya isha, ufunguo.
Tk.
Tena: tk.
Mapazia ya jirani yakajifungua kidogo.
Thuwaini akatazama mbingu, Salwa akanitazama mimi.
Nikalala chini, mgongo juu ya saruji yenye moto,
tochi mdomoni,
nikaukuta unaning'inia, haujashika popote,
na mwandiko wangu mwenyewe unanikodolea:
*Huu sijui.*
Kumbe ndio unaorudisha umeme wote nyumbani.
Bolti moja. Nusu dakika.

Ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikakaa.

Baba, siku tatu hakutoka sebuleni,
ila televisheni alikuwa ameipunguza sauti.
Akaja pekupeku, akaweka kiganja juu ya boneti.
"Ina mlio mwengine," akasema.
Akasimama pale mpaka feni ikawaka.

Bolti moja imebaki.
Tumekubaliana kutoizungumza.
Karatasi kwenye ule waya sikuibandua.

Jumapili nilivaa glavu jozi mbili, kwa ajili ya kucha.
Mzee mmoja akapanua kinywa, akakifunga,
akaniuliza: daktari, litatoka kwa urahisi?
Nikamwambia: sijui.
Lakini sitalivuta.